Sauti ya Haramia: Kutoka Kisiwa Chenye Hazina hadi Kibandani Bwaise

Utangulizi

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya methali, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala hukwama mahali pamoja. Methali yenyewe ni maarufu: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanafunzi wetu huiandika, huikariri, na katika mtihani hueleza vizuri kabisa kwamba mtu hata azunguke vipi, hatimaye atarudi alikotoka. Lakini ukiwauliza tezi ni nini, omo ni nini, na ngama iko wapi, darasa zima hunyamaza. Wengi wao wamelelewa Masaka, Lira, Mbale au papa hapa mjini, na bahari hawajaiona. Sisi huchukua chaki tukachora jahazi ubaoni: mbele omo, nyuma tezi, na chini kabisa, pale maji yanapokusanyika, ngama. Wanafunzi hunakili mchoro, nasi huendelea na methali inayofuata.

Muhula uliopita tuliamua kwamba mchoro hautoshi. Tulitaka wanafunzi waone chombo kikienda, matanga yakipandishwa, nanga ikitiwa na kung'olewa. Tukachagua filamu ya maharamia ya mwaka 1950, Treasure Island, iliyotokana na riwaya ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883. Na kwa kuwa tulitaka pia wanafunzi wa kozi ya tafsiri waone jinsi filamu inavyofasiriwa mbele ya watu, hatukuionyesha darasani. Tuliipeleka Bwaise, katika kibanda cha video.

Tulikwenda kutafuta msamiati wa merikebu, tukarudi na swali zito zaidi: nani huamua haramia azungumze kwa lugha gani? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya filamu hiyo na walioiunda, na historia ya Kiswahili chenyewe hapa Uganda. Msomaji atatuvumilia tukianzia matopeni.

Kibandani Bwaise

Bwaise iko kaskazini mwa Kampala, katika divisheni ya Kawempe, kwenye barabara iendayo Bombo. Ni bonde lililokuwa kinamasi, na mvua ikinyesha maji ya vilima vinavyolizunguka huteremkia huko. Wakazi wake wameinua vizingiti vya milango yao kwa saruji na kujifunza kupanga magodoro juu ya meza. Siku tuliyokwenda mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nasi tuliingia kibandani viatu mkononi.

Ndugu msomaji aliye nje ya Uganda huenda asijue kibanda cha video ni nini. Ni chumba cha mbao na mabati chenye mabenchi, pazia zito mlangoni, televisheni au projekta mbele, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki filamu na mechi za siku hiyo. Waganda hukiita ekibanda, neno ambalo Mswahili yeyote atalitambua. Vibanda hivi vilianza kuenea miaka ya 1980, mashine za video zilipoingia. Kwa kuwa filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza au Kichina na watazamaji wengi hawakuzifuata, akazuka mtu wa kukaa na kipaza sauti na kuwafasiria kwa Luganda. Huyo ndiye anayeitwa vijei. Jirani zetu nao wanao mafundi wa namna hiyo: Dar es Salaam ilimjua Lufufu, na Kenya inamjua DJ Afro, wote wakitumia Kiswahili. Mwaka 2004 tamasha la filamu la Amakula lilipoanzishwa Kampala, mashindano ya mavijei yakawa sehemu yake. Hivyo kazi hii si mchezo wa watoto. Ina mabingwa wake na mashabiki wanaomfuata mtu wao kutoka kibanda hadi kibanda.

Mwenye kibanda alisita. Filamu ya mwaka 1950, alisema, haina rashasha wala helikopta, nani ataitazama? Tulilipia viti vyote, akakubali, na akawaruhusu majirani waingie bure. Vijei aliitazama mara moja tu usiku uliotangulia.

Alianza vizuri sana. Neno la kwanza lililowavutia wanafunzi wetu lilikuwa jina alilowapa maharamia. Aliwaita ababbi b'oku nnyanja, yaani wezi wa majini. Luganda hutumia neno moja, ennyanja, kwa ziwa na kwa bahari pia, nasi tuliona wanafunzi wakiandika haraka katika madaftari yao. Kijana Jim alizungumza Luganda cha adabu, akipiga magoti kwa maneno, kama mtoto aliyelelewa vyema. Daktari Livesey alizungumza Luganda cha mtu aliyesoma. Kisha akatokea Long John Silver, mpishi wa mguu mmoja na kiongozi wa maharamia, na vijei akabadilisha sauti. Silver alizungumza Kiswahili.

Kilikuwa Kiswahili cha amri, kifupi na kikali. Kuja hapa. Toa pesa. Lala chini. Kibanda kizima kiliangua kicheko. Silver alipowaamuru mabaharia washuke mashuani kwenda kisiwani, vijei alipaza sauti: "Panda gari!" Vijana walicheka hadi wakapiga mabenchi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango hakucheka. Alisimama, akasogeza pazia, akatoka.

Mwanafunzi wetu mmoja aliinama akatunong'oneza: "Mwalimu, mbona mwizi ndiye anayezungumza somo letu?"

Filamu na Waundaji Wake

Kabla ya kumjibu mwanafunzi huyo, inafaa tuitazame filamu yenyewe, kwa sababu kile alichokifanya vijei wa Bwaise kilikuwa kimekwisha kufanywa na waundaji wake miongo mingi kabla.

Treasure Island ilitengenezwa Uingereza mwaka 1949 na kampuni ya Walt Disney ya Marekani. Sababu ya kwenda Uingereza haikuwa mandhari peke yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa dola, na serikali yake iliwawekea Wamarekani mipaka ya kuhamisha mapato ya filamu zao. Fedha za Disney zikakwama huko. Njia ya kuzitumia ilikuwa kutengeneza filamu papo hapo. Ndivyo kampuni iliyojulikana kwa katuni ilivyopata filamu yake ya kwanza yenye waigizaji watupu, bila picha hata moja ya kuchorwa ikitembea.

Mwongozaji alikuwa Byron Haskin, Mmarekani aliyewahi kuwa mpiga picha na fundi wa hila za kamera huko Hollywood. Mtayarishaji alikuwa Perce Pearce, na mswada uliandikwa na Lawrence Edward Watkin. Kamera ilishikwa na Freddie Young, Mwingereza ambaye baadaye alipata tuzo tatu za Oscar kwa filamu alizopiga na David Lean, ikiwemo Lawrence of Arabia. Mchoraji Peter Ellenshaw alichora juu ya vioo sehemu za mandhari ambazo hazikuweza kujengwa. Vioo hivyo viliwekwa mbele ya kamera, na mtazamaji akadhani anaona bandari nzima.

Jim aliigizwa na Bobby Driscoll, mtoto wa Kimarekani wa miaka 12. Sheria za Uingereza hazikumruhusu kufanya kazi bila kibali, naye hakuwa nacho. Shauri likafika mahakamani na faini ikatozwa. Wakati rufaa ikisubiriwa, Haskin alikimbizana na siku, akipiga kwanza picha zote za karibu za uso wa mtoto huyo, na nyinginezo akazipiga kwa kumtumia mtoto mwingine aliyefanana naye kwa mbali. Driscoll alipewa Oscar maalumu ya watoto mwaka 1950 kwa kazi zake za mwaka uliotangulia. Alipokua alisahauliwa. Alikufa New York mwaka 1968 akiwa maskini, akazikwa bila mtu kumtambua. Hazina ya filamu za utotoni haikumfaa.

Lakini aliyeibeba filamu hii hadi leo si Jim. Ni Silver, na Silver ni Robert Newton.

Sauti ya Silver

Newton alizaliwa mwaka 1905 Shaftesbury, katika jimbo la Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Watu wa huko wana lafudhi yao: huitamka r kwa nguvu hata mwishoni mwa neno, mahali ambapo Mwingereza wa London huimeza. Newton aliichukua lafudhi hiyo, akaikuza, akaivuta na kuiongezea mngurumo na kugeuza macho. Chaguo lake lilikuwa na mantiki. Katika riwaya, merikebu inaondoka bandari ya Bristol, iliyo upande huohuo wa magharibi, na si ajabu mabaharia wake kuzungumza hivyo.

Newton hakuwa wa kwanza. Katika filamu ya mwaka 1934 ya kisa hichohicho, iliyoongozwa na Victor Fleming, Lionel Barrymore alikuwa amekwisha kunguruma. Lakini ni Newton aliyeieneza sauti hiyo. Mwaka 1952 aliitumia tena katika Blackbeard the Pirate, na mwaka 1954 akarudi kuwa Silver katika filamu iliyopigwa Australia. Alikufa mwaka 1956. Kufikia hapo, haramia yeyote wa sinema, wa redio au wa katuni, hata awe Mfaransa au Mhispania, alizungumza kama mkulima wa Dorset. Tangu mwaka 1995 wako Wamarekani wanaoadhimisha siku ya kuzungumza kama haramia, tarehe 19 Septemba, na wanachokiiga ni Newton, hata kama wengi wao hawajui jina lake.

Wanafunzi wa isimujamii watazame vizuri jambo hili. Lafudhi ya Dorset haina uharamia ndani yake. Imetumika kwa karne nyingi kuuza maziwa, kubatiza watoto na kuomboleza wafu. Mtu mmoja, katika kazi moja iliyopendwa sana, aliitia kinywani mwa mwizi, na masikio ya dunia yakazoea. Baada ya hapo haikuhitajika hoja. Ukisikia r ile, unaona bendera nyeusi.

Maharamia wa Bahari Yetu

Je, maharamia wa kweli walizungumza vipi? Jibu liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Katika riwaya ya Stevenson, Silver ana kasuku, na humsifu kwamba amewahi kusafiri na haramia England, akafika Madagaska na Malabar. Edward England alikuwa mtu wa kweli. Mwaka 1720 yeye na wenzake walipigana na merikebu ya Waingereza iitwayo Cassandra kwenye kisiwa cha Nzwani, katika Visiwa vya Komoro, wakaiteka. Nzwani ni kisiwa ambacho lugha yake ni ndugu wa Kiswahili. Kwa hiyo kasuku wa Silver, kama angekuwa kasuku wa kweli, pengine angeondoka na neno moja mbili za kwetu.

William Kidd naye alipita huko mwaka 1697. Alikuwa na hati ya Mfalme wa Uingereza ya kuwasaka maharamia. Januari 1698 aliiteka merikebu tajiri, Quedagh Merchant, katika bahari ya India, na mwaka 1701 alinyongwa London kwa kosa lilelile alilotumwa kulikomesha. Tofauti kati ya haramia na mtumishi wa mfalme ilikuwa karatasi, na karatasi hutegemea nani anaisoma. Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa wakiwa na amri ya mfalme wao, na vitabu vyao haviwaiti maharamia. Wenyeji wa Mombasa wangekuwa na neno lao kwa jambo hilo. Tena si wageni wa Ulaya tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walivuka kwa mitumbwi yao wakaivamia Kua, katika visiwa vya Mafia, na magofu yake yapo mpaka leo.

Katika vyombo vya maharamia wa Bahari ya Hindi walikuwamo Waingereza, Wafaransa, Waholanzi na Waafrika. Hawakuwa na lafudhi moja wala lugha moja. Haramia wa lafudhi moja ni mtoto wa studio.

Johnson, Silver na Kiswahili Sanifu

Sasa tuingie nyumbani. Kisa cha Silver kilifika kwa wasomaji wa Kiswahili kabla ya filamu ya Disney. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Frederick Johnson aliifasiri riwaya ya Stevenson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, ikachapishwa na Longmans. Johnson ni mtu tunayemtaja sana darasani bila kumkumbuka kwa kisa hiki. Mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye wajumbe kutoka Tanganyika, Kenya, Zanzibar na Uganda, yeye ndiye aliyekuwa katibu wake wa kwanza. Kamusi iliyoitwa kwa jina lake ilitoka mwaka 1939, baada ya yeye kufariki.

Tazama mfuatano huo. Mtu aliyepewa kazi ya kusimamia Kiswahili sanifu ndiye aliyempa Long John Silver lugha yetu kwa mara ya kwanza. Katika kitabu hicho Silver hazungumzi Kiswahili peke yake. Jim anakizungumza, daktari anakizungumza, na nahodha pia. Kiswahili kinabeba wema na uovu pamoja, kama lugha nyingine yoyote. Msomaji wa wakati ule hakuambiwa kwamba hii ni lugha ya haramia. Aliambiwa kwamba lugha hii inaweza kubeba kisa kizima.

Hapa Uganda hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi. Wamisionari wengi walipinga pia. Waganda walikuwa na sababu ambazo hatupaswi kuzibeza: Luganda kilikuwa tayari na vitabu na shule, na wengi waliogopa kwamba Kiswahili ni mlango wa kuunganishwa na Kenya ya walowezi. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Kiswahili kilifungiwa milango ya shule kikabaki katika kambi za jeshi na vituo vya polisi.

Mwaka 1952 unastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wetu. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliacha kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya shule za Uganda. Mwaka huohuo Kamati ya Kiswahili ilihamia Makerere, ikakaa hapo miaka kumi. Kwa hiyo katika kilima kimoja cha Kampala wataalamu walikuwa wakikusanya maneno na kusahihisha miswada, huku bondeni, mwendo mfupi kutoka hapo, mtoto wa shule hakufundishwa lugha hiyo. Aliyekutana nayo alikutana nayo kwa askari.

Panda Gari

Watu hujifunza lugha kwa kinywa kinachowafikia kwanza. Mwaka 1971 Idi Amin alipotwaa madaraka, Kiswahili cha jeshi kilitoka kambini kikaja barabarani. Mwaka 1973 alitoa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Amri haikuleta walimu wala vitabu vya kutosha, ila ilikifunga Kiswahili na jina lake mwenyewe.

Ukitaka kuona kilichotokea, tazama maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika mazungumzo ya Waganda wote miaka ile. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, waliotajirika kwa maduka waliyogawiwa waliitwa mafuta mingi. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza atasahihisha mara moja kuwa ni mafuta mengi, lakini historia haikumsubiri. Biashara ya mlango wa nyuma, bidhaa zilipoadimika, iliitwa magendo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika utawala wa pili wa Obote, askari walipozingira mitaa ya Kampala na viunga vyake na kuwasomba watu kwenye malori, operesheni hiyo iliitwa kwa amri yake: panda gari. Wapo waliopanda wasirudi.

Mafuta mingi, magendo, panda gari. Maneno matatu, na kila moja lina jeraha. Hapo ndipo vijei wa Bwaise alipoitoa sauti ya Silver. Hakuitunga. Aliiokota barabarani, kama Newton alivyoiokota yake Dorset. Tofauti ni kwamba Newton aliokota lafudhi ya majirani zake wasio na hatia akaifanya ya mwizi, na vijei aliokota lugha ambayo watu wenye bunduki walikuwa wamekwisha kuichafua.

Mara nyingi tumekutana na wazazi wanaouliza kwa nini mtoto wao asome lugha ya wezi. Zamani tulijibu kwa takwimu za soko na ajira. Tukawaeleza pia kwamba marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayamgusi mtu aliyesikia panda gari usiku mlangoni kwake. Sheria inaweza kuifanya lugha kuwa rasmi. Haiwezi kumwondolea mtu sauti iliyo sikioni mwake.

Mzee wa Mlangoni

Filamu ilipokwisha tulimkuta yule mzee nje, ameketi juu ya tofali. Mwisho wa filamu ile Silver anatoroka kwa mashua na sanduku la hazina, na Jim, ambaye angeweza kumzuia, anaisukuma mashua ielee. Wanafunzi walikuwa wakibishana iwapo Jim alikosea. Tulimwamkia mzee kwa Luganda, tukamwomba radhi kama tumemkwaza.

Alitujibu kwa Kiswahili. Na kilikuwa Kiswahili laini, chenye viambishi mahali pake, kilichowazidi wanafunzi wetu, na tukiri ukweli, kilichotufanya nasi tuchunge maneno. Alisema maneno yale aliyasikia mara ya kwanza mwaka 1982, tena hayakusemwa kibandani. Hakutaka kusema zaidi, nasi hatukumwuliza. Tuliuliza tu Kiswahili alijifunzia wapi. Alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, miaka mingi. Akisubiri mzigo bandarini, alikuwa akishuka hadi bandari ya kale kutazama majahazi, na mabaharia wakampa chai na maneno.

Mwanafunzi mmoja akathubutu: "Mzee, samahani. Ngama ni nini hasa?"

Mzee aliokota kijiti akachora kwenye tope jahazi. Hapa omo, hapa tezi. Kisha akalitia doa chini. Maji yote yanayoingia chomboni, alisema, ya mvua na ya mawimbi, hukusanyika hapa, na lazima awepo mtu wa kuyakumba usiku na mchana, la sivyo chombo kitazama hata kama matanga ni mazuri. Akainua uso, akatazama mtaro uliojaa na nyumba zenye vizingiti virefu, akacheka kidogo. "Bwaise ni ngama ya Kampala," akasema.

Wanafunzi waliandika. Katika miaka yetu yote ya kufundisha methali ile, hatukuwahi kuieleza vizuri hivyo.

Hitimisho

Tumjibu basi mwanafunzi wetu. Mwizi anazungumza somo letu kwa sababu wapo waliolitumia kwa wizi, na kwa sababu milango ambayo ingelipeleka kwa watu kwa njia nyingine ilifungwa mapema. Hilo ni tukio la kihistoria lenye miaka na majina. Si tabia ya lugha. Sauti ya haramia wa sinema ilitengenezwa, nasi tunajua na nani, wapi na lini. Sauti ya Kiswahili cha askari pia ilitengenezwa. Kilichotengenezwa na watu, watu wanaweza kukirekebisha, ingawa kazi hiyo haitakwisha kwa muhula mmoja.

Hatukumlaumu vijei. Tulipozungumza naye alitueleza kwamba akimpa Silver Luganda, watazamaji watadhani ni jirani yao, na hawatamwogopa. Tulimwuliza kama amewahi kumpa mtu mwema Kiswahili. Alifikiri, akasema hapana, hakuna aliyewahi kumwomba.

Tumemwomba. Kazi ya muhula huu kwa wanafunzi wa tafsiri ni kuandaa maneno ya Daktari Livesey kwa Kiswahili, yule anayewatibu majeruhi wa pande zote mbili bila kuuliza nani ni haramia. Vijei ameahidi kuyatia sauti, mradi yawe mafupi na yasiwe ya darasani. Mwenye kibanda ametupa tena siku ya kazi, kwa bei ileile. Mzee ameombwa awe msahihishaji wetu, na amekubali kwa sharti moja: Silver atafutiwe amri nyingine ya kuwapandisha watu mashuani.

Wasomaji wa jarida hili wanakaribishwa. Waje na viatu vya mvua.